Ng'ombe ameshiba, mbona hashiki mimba?

Na Mwandishi Wetu, Mzumbe

ANAYESAFIRI kutoka mjini Morogoro kuelekea Iringa hufika Sangasanga, mahali ambapo barabara ya mkono wa kushoto huingia Mzumbe, kilipo chuo kikuu chenye jina hilo, kisha ikaendelea kupanda milima ya Uluguru hadi Mgeta. Katika vitongoji vilivyo chini ya milima hiyo, kama ilivyo pembezoni mwa miji mingi ya Tanzania, wapo watu wanaofuga ng'ombe wawili au watatu wa maziwa nyuma ya nyumba. Mnyama hafunguliwi kwenda machungani. Majani hukatwa kando ya barabara, mabondeni au kwenye mipaka ya mashamba, yakafungwa mzigo juu ya baiskeli na kuletwa bandani.

Kwa macho ya mwenye mali, ng'ombe huyo hana anachokikosa. Kihori kimejaa, maji yapo, pumba za mahindi zipo, na fedha ikiruhusu huongezwa mashudu ya alizeti. Hata hivyo, hutokea mnyama wa namna hii akapoteza mng'ao wa manyoya, akazaa na kondo la nyuma likabaki, kisha miezi ikapita bila kuonyesha dalili za joto. Au akaonyesha joto, akapandishwa mara tatu nne, na mimba isishike. Wa kwanza kulaumiwa huwa mhimilishaji, kwamba mbegu zake zilikuwa zimekufa. Wa pili ni dume la jirani. Wa tatu, mambo yakishindikana kabisa, ni jicho la husuda.

Lawama ya kwanza na ya pili zina ukweli wake mara moja moja, maana mbegu huharibika na dume huweza kuwa na ugonjwa. Lakini kipo chanzo kingine ambacho hakionekani kwa kuchungulia kihorini, nacho ni madini yaliyomo, au yasiyomo, ndani ya yale majani.

Msomaji wa mjini akisikia neno madini, fikra zake huenda Geita au Mererani. Haya yanayozungumzwa hapa hayako mbali sana na hayo. Shaba inayohitajika mwilini mwa ng'ombe ni ile ile inayotengeneza nyaya za umeme, na zinki ni ile ile inayopakwa juu ya bati ili lisipate kutu. Wataalamu wa lishe ya mifugo hugawa madini katika makundi mawili. Yapo madini makubwa, ambayo mnyama huyahitaji kwa gramu nyingi kila siku, kama vile kalsiamu, fosforasi na sodiamu iliyomo katika chumvi. Yapo pia madini madogo, ambayo huhitajika kwa vipimo vya miligramu: shaba, zinki, manganizi, seleniamu, kobalti, chuma na madini joto, yaani yale yale tunayoambiwa yawemo katika chumvi ya mezani.

Udogo wenyewe ni wa kustaajabisha. Chukua ng'ombe chotara mwenye uzito wa kilo 400, anayekula kwa siku kilo 12 za chakula, ikihesabiwa kana kwamba maji yote yamekaushwa. Kwa vipimo vinavyotumiwa na wataalamu wengi, atahitaji takriban miligramu 10 za shaba katika kila kilo ya chakula hicho, yaani miligramu 120 kwa siku. Kwa mwaka mzima shaba yote hiyo haifiki gramu 45. Seleniamu, ambayo kipimo chake ni miligramu 0.3 kwa kilo, ni kama gramu moja na robo kwa mwaka. Kobalti ni chini ya gramu moja. Ng'ombe huyo huyo katika mwaka huo atakula zaidi ya tani nne za chakula kikavu. Ni katika tani hizo nne ambamo gramu moja isipopatikana, mnyama huanza kuharibika.

Sababu ni kwamba madini haya hayatumiki kujenga mwili kama tofali linavyojenga nyumba. Hutumika ndani ya vimeng'enya, vile viungo vya kikemia vinavyoendesha shughuli za mwili, na kila kimeng'enya huhitaji chembe moja au chache tu za madini ili kifanye kazi. Zinki hushughulika na ngozi, kwato na uponaji wa vidonda. Seleniamu huzilinda chembe za mwili zisiunguzwe na mabaki ya oksijeni, hususan wakati wa kuzaa, ndiyo maana upungufu wake huhusishwa na kondo la nyuma kubaki na ugonjwa wa kiwele. Manganizi ikipungua, dalili za joto huwa hafifu mno kiasi kwamba mwenye ng'ombe hazioni, na ndama huweza kuzaliwa na miguu iliyopinda.

Je, kwa nini majani mabichi kabisa, yaliyoota katika ardhi inayosifiwa kwa rutuba, yakose vitu hivyo? Jani hutoa katika udongo kile kilichomo na kile linachoweza kukifikia. Milima ya Uluguru ni sehemu ya safu ya kale ya Tao la Mashariki, na mvua zake, ambazo hulisha mto Ruvu unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam, zimekuwa zikisuuza miteremko yake kwa karne zisizohesabika. Mvua inayosuuza namna hiyo huondoka na sehemu ya madini na kuacha udongo mwekundu, uliosheheni chuma. Isitoshe, jani hubadilika kadiri linavyokomaa. Lile la mwezi Aprili, laini, lina madini mengi zaidi kwa kilo kuliko bua la mwezi Septemba, ambalo limebaki nyuzinyuzi tupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, kilicho jirani, wamekwisha kuyachunguza malisho ya wafugaji wadogo wa Mvomero, wilaya ambayo Mzumbe imo, wakilinganisha msimu na msimu.

Mnyama wa porini analo jibu lake kwa tatizo hili: hutembea. Katika Serengeti, mtafiti Samuel McNaughton alichapisha mwaka 1988 na tena mwaka 1990 matokeo yaliyoonyesha kwamba wanyama walao majani hawajikusanyi ovyo, bali hupendelea mahali ambapo nyasi zina madini mengi zaidi, na kwamba nyumbu wanaonyonyesha hufuata nyanda za nyasi fupi wakati wa mvua kwa sababu hiyo, pamoja na nyingine. Mengi aliyoyapima ni yale madini makubwa, lakini kanuni ni moja. Wafugaji wa Kimasai na Kiparakuyo, ambao wako pia katika nyanda za Mvomero, wanaifahamu kanuni hiyo bila maabara. Tangu zamani hupeleka mifugo yao mahali penye udongo wa chumvi ili ilambe.

Ng'ombe aliyefungiwa bandani amenyang'anywa uwezo huo. Hula anacholetewa. Kama mkataji amezoea bonde moja kwa miaka mitano, ng'ombe naye amekuwa akila udongo wa bonde hilo moja kwa miaka mitano.

Mfano bora wa jambo hili katika Afrika Mashariki uko Kenya, katika Bonde la Ufa. Tangu enzi za ukoloni, wafugaji wa eneo la Nakuru walikuwa wakiona ng'ombe wao wakikonda, wakiishiwa damu na kupoteza hamu ya kula hali malisho yametanda. Ugonjwa ule haukuambukiza, na mnyama aliyehamishiwa malisho ya mbali alipona. Ukaitwa kwa jina la mji wenyewe, na hatimaye ukahusishwa na upungufu wa kobalti na shaba katika udongo uliotokana na majivu ya volkano. Mwaka 1964 madaktari wa mifugo waliripoti kutoka Kenya mbuzi na kondoo wachanga waliopooza miguu ya nyuma, ugonjwa unaofanana na ule ambao kwingineko duniani husababishwa na mama kukosa shaba wakati wa mimba. Kisha katika miaka ya 1980 Hifadhi ya Ziwa Nakuru ilizungushiwa uzio ili kuwalinda faru. Watafiti waliopima udongo, majani na wanyama wa humo mwishoni mwa muongo huo walikuta dalili za upungufu wa shaba kwa swala pala. Swala waliokuwa huru kutoka walikuwa sasa, kwa namna fulani, wamefungiwa bandani.

Kisa cha kobalti chenyewe kinafaa kusimuliwa, kwa kuwa kinaonyesha jinsi mtu anavyoweza kutibu ugonjwa bila kujua anachotibu. Huko New Zealand na Australia, mwanzoni mwa karne ya 20, mifugo ilikuwa ikidhoofika na kufa katika maeneo fulani tu. Kwa kuwa wanyama walikuwa hawana damu, wataalamu waliamini kilichokosekana ni chuma, wakawalisha mawe ya chuma yaliyosagwa. Wengine wakapona. Ajabu ikawa kwamba chuma safi hakikuwaponya, na mawe yalipaswa kulishwa kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1935 makundi mawili ya watafiti nchini Australia yalithibitisha kwamba tiba haikuwa chuma, bali uchafu mdogo wa kobalti uliokuwamo ndani ya yale mawe. Miaka 13 baadaye, mwaka 1948, vitamini B12 ilitengwa, ikaonekana kwamba katikati yake kuna chembe ya kobalti. Vijidudu vilivyomo katika tumbo kubwa la ng'ombe ndivyo vinavyotengeneza vitamini hiyo, mradi vipewe kobalti. Mwongozo wa Marekani wa lishe ya ng'ombe wa maziwa, ambao hufuatwa na nchi nyingi, uliweka kiwango cha kobalti kuwa miligramu 0.11 kwa kilo ya chakula katika toleo la mwaka 2001. Toleo la mwaka 2021 limekipandisha hadi 0.20. Sayansi hii bado inaendelea kujirekebisha.

Kwa Mzumbe, somo la kobalti lina ugumu wake. Ng'ombe aliyekonda na kuishiwa damu katika mkoa wa Morogoro anaweza kuwa na minyoo, ndigana baridi au nagana, kwa kuwa mbung'o wako karibu na kupe ni wengi. Mwenye busara huanza na hayo kabla ya kufikiria kobalti. Vivyo hivyo, ng'ombe asiyeshika mimba anaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba, au, jambo ambalo ni la kawaida zaidi, hapati chakula cha kutosha chenye nguvu na protini. Madini hayawezi kuchukua nafasi ya chakula. Mnyama aliyelishwa mabua ya mahindi tangu Julai akipewa kopo la madini atabaki na njaa yake.

Shaba ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi mahali kama hapa. Dalili yake inayojulikana sana ni rangi: manyoya meusi ya Friziani hugeuka hudhurungi kana kwamba yamepata kutu, na kuzunguka macho hutokea duara la kijivu mithili ya miwani. Ng'ombe wa namna hiyo huweza kukawia kupata joto. Ila shaba ina maadui. Salfa na molibdenamu zikikutana ndani ya tumbo kubwa huunda kitu kinachoishika shaba kwa nguvu, nayo ikapita hadi kwenye kinyesi bila kumfaa mnyama. Chuma nacho, kikizidi, huifungia njia. Sasa fikiria majani yaliyokatwa kandokando ya barabara ya vumbi jekundu mwezi Agosti. Ng'ombe hula majani, na pamoja nayo hula udongo. Majani hayo yakipelekwa maabara huenda yakaonekana yana shaba ya kutosha, na bado mnyama akaikosa. Kuyakung'uta, au kuchagua kukata mbali kidogo na barabara, ni hatua isiyogharimu kitu.

Jambo hilo hilo linatufikisha kwenye jiwe jekundu. Madukani yapo mawe ya kulamba ya rangi nyeupe na ya rangi nyekundu, na wanunuzi wengi hupendelea jekundu kwa kudhani kuwa linaongeza damu. Wekundu huo kwa kawaida hutokana na oksaidi ya chuma, yaani kutu, ambayo tumbo la ng'ombe halifaidiki nayo. Katika ardhi ambayo chuma kimezidi, ng'ombe hana sababu ya kuongezewa chuma. Jiwe jekundu linaweza kuwa zuri au baya, lakini rangi haisemi lolote. Jeupe, nalo, mara nyingi ni chumvi tupu. Chumvi ni muhimu, tena ndiyo ya kwanza kuhitajika, kwa kuwa kila lita ya maziwa huondoka na sodiamu. Lakini mwenye jiwe la chumvi tupu asijidanganye kuwa amempa ng'ombe wake shaba au seleniamu.

Madini joto yana habari tofauti. Majani ya muhogo na majani ya kabichi, ambayo hayakosekani katika mashamba na masoko ya ukanda wa Mzumbe na Mgeta, yana kemikali zinazoizuia tezi ya shingo kuyatumia madini joto. Mkono mmoja wa majani hayo haudhuru. Kuyafanya kuwa chakula kikuu cha ng'ombe mwenye mimba ni jambo jingine, kwani ndama huweza kuzaliwa na uvimbe shingoni, akiwa dhaifu, au amekwisha kufa. Majani ya muhogo yaanikwe kwanza yanyauke ili sumu yake ipungue.

Hapa msomaji wa mjini asiyefuga hata kuku anaguswa moja kwa moja. Madini joto anayokula ng'ombe hupita kwa urahisi hadi kwenye maziwa. Nchini Uingereza, katika karne iliyopita, uvimbe wa tezi ulipungua sana miongoni mwa watu, na sehemu kubwa ya sababu ilikuja kuonekana kuwa ni maziwa: wafugaji walikuwa wameanza kuwaongezea ng'ombe madini joto ili wazae vizuri, na wananchi wakayanywa bila ya mtu yeyote kupanga iwe hivyo. Shaba haifuati njia hiyo. Hata ng'ombe akipewa nyingi, maziwa hubaki na kiasi kile kile kidogo.

Tukirudi dukani, chombo cha kwanza cha mfugaji ni kibandiko cha mfuko. Juu yake huandikwa herufi ambazo wengi huziruka: Cu ni shaba, Zn ni zinki, Mn ni manganizi, Co ni kobalti, Se ni seleniamu, na I peke yake ni madini joto. Mbele ya kila herufi huwa na tarakimu, ama kwa miligramu katika kilo ama kwa asilimia. Asilimia 0.1 ni sawa na miligramu 1,000 katika kilo. Tuseme mfuko unasema shaba ni miligramu 1,000 kwa kilo, na maelezo yanataka ng'ombe apewe gramu 100 kwa siku. Atapata miligramu 100, kiasi kinachokaribia mahitaji yake yote ya shaba hata kabla ya kuhesabu iliyomo katika majani. Mfuko mwingine wa bei hiyo hiyo unaweza kuwa na miligramu 100 tu kwa kilo. Ng'ombe atapata 10 kwa siku, na mwenye mali amenunua chokaa na chumvi kwa bei ya dawa. Mfuko usio na tarakimu zozote ni heri kuuacha. Tanzania inayo Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, inayosimamia ubora wa bidhaa hizi, na mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua.

Kwa maoni ya mwandishi, unga unaochanganywa na pumba wakati wa kukamua ni bora kuliko jiwe la kulamba, pale ambapo ng'ombe ni wachache na kila mmoja anakamuliwa kwa mkono. Jiwe huachia kila mnyama alambe apendavyo. Mmoja hulamba mno, mwingine hapitii kabisa, hasa mtamba anayesukumwa pembeni na wakubwa. Unga hupimwa, na anayepima anajua nani kala nini. Kilo moja humtosha ng'ombe mmoja siku 10 kwa kipimo cha gramu 100. Mwenye kutaka kuufanya utamu huchanganya na molasi, ambayo katika wilaya yenye kiwanda cha sukari cha Mtibwa si kitu kigeni.

Kinachopaswa kuepukwa ni kuchanganya mwenyewe yale madini madogo kwa koleo sakafuni. Mrututu wa buluu, unaojulikana madukani, ni chumvi ya shaba, na robo ya uzito wake ni shaba safi. Mahitaji ya ng'ombe kwa siku nzima yangetimizwa na nusu gramu ya mrututu. Hicho ni kiasi ambacho vidole vitatu haviwezi kukichota kwa usahihi, wala mizani ya sokoni haiwezi kukipima. Ng'ombe huhifadhi shaba ya ziada katika ini kwa wiki na miezi bila dalili yoyote, kisha siku moja ini huiachia yote kwa pamoja, mkojo ukageuka mwekundu na mnyama akafa. Kondoo ni dhaifu zaidi mbele ya shaba kuliko ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe yasiwekwe mahali ambapo kondoo watayalamba. Mbuzi wa maziwa wa Mgeta, ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Norway miaka ya 1980 chini ya mradi ulioishirikisha SUA, huvumilia zaidi, lakini nao wana kipimo chao.

Seleniamu ni kali zaidi. Mwezi Aprili mwaka 2009, huko Florida, Marekani, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa karibu kwa wakati mmoja baada ya kudungwa mchanganyiko wa vitamini na madini uliotengenezwa kimakosa, ambamo kiasi cha seleniamu kilikuwa kimezidi. Walikuwa farasi wa thamani kubwa, wenye waganga wao. Sindano ya seleniamu kwa ng'ombe aliyekaribia kuzaa huweza kumsaidia pale upungufu unapojulikana. Ni kazi ya daktari wa mifugo, naye hapaswi kuirudia kwa kuwa mfugaji amesikia jirani kafanya hivyo.

Upungufu hujulikanaje, basi? Watu wengi hufikiria damu. Damu husaidia katika baadhi ya madini, lakini kwa shaba hudanganya, kwa kuwa ini huendelea kuijazia damu hadi akiba inapokaribia kwisha. Damu ikionyesha upungufu, mnyama alikwisha kufilisika siku nyingi. Kupima malisho hutoa picha bora kwa fedha kidogo, hasa kama wafugaji wanaokata bonde moja watachanga na kupeleka sampuli mbili, moja ya masika na moja ya kiangazi. Wakazi wa Mzumbe wana bahati ya kuwa jirani na SUA. Wa mikoa mingine wanao maofisa mifugo wa kata na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012, wa kuwauliza pa kuanzia. Sampuli ikatwe pale pale panapokatwa chakula cha kila siku, kwa urefu ule ule, wala si majani mazuri yaliyochaguliwa kwa ajili ya kupendeza maabara.

Gharama ya kutojali inaweza kuhesabiwa na yeyote. Ng'ombe hupata joto kila baada ya siku 21. Mizunguko mitatu ikipita bila mimba ni siku 63. Kwa ng'ombe ambaye angezaa na kutoa lita 10 kwa siku, hizo ni lita 630 zilizosogezwa mbele, wakati majani, pumba na ada ya mhimilishaji havisogei. Kwa muda huo angekula kilo sita na ushei za madini ya unga. Mfugaji azidishe lita hizo kwa bei ya maziwa ya mtaani kwake, kisha aulize dukani kilo sita za unga wenye kibandiko kamili zinauzwaje.

Wakati mzuri wa kuanza ni miezi miwili ya mwisho ya mimba, ng'ombe anapokuwa amekaushwa maziwa. Wengi humwacha bila chochote kipindi hicho kwa kuwa haingizi fedha, hali ndicho kipindi ambacho ndama anajaza ini lake shaba na seleniamu kutoka kwa mama. Maziwa yatakayofuata yana kidogo mno, na ndama ataishi kwa akiba hiyo hadi atakapoanza kula majani mwenyewe.